Mzee Kopa Anaaga Meza ya Vikatio

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, fundi wetu wa vikatio anastaafu rasmi baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka ishirini na sita. Aliingia akiwa na nywele nyeusi na ngazi begani. Anatoka na nywele nyeupe, na ngazi anatuachia ingawa hakuna aliyeiomba.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, mfungashaji, kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa meza yangu imetazamana na yake miaka yote hiyo, na kwa kuwa wengine wote waliposikia neno "kuandika" walikumbuka kwamba wana shughuli. Nimeombwa niandike kwa heshima na nisitie chumvi. Heshima ipo. Chumvi, kwa mtu kama huyu, haihitajiki.

Kwa wageni ambao hawajawahi kupanda ngazi zetu nyembamba juu ya duka la baiskeli, sisi hutengeneza hereni, vidani, vifungo na sumaku za kubandika kwenye friji. Tunatumia udongo wa polima, ule wa rangi rangi unaokandwa mpaka ukalainika, ukasukumwa kama donge la mkate, ukakatwa maumbo, kisha ukaokwa kwenye oveni ya kawaida hadi ukawa mgumu. Kikatio ndicho kinachotoa umbo. Ni ukanda wa bati au plastiki uliokunjwa kama nyota, ua au duara, wenye makali upande mmoja. Unabonyeza, unainua, umbo linabaki mezani. Hata mtoto anaweza. Kazi ni kujua ulifanye nini umbo hilo baada ya hapo, na hapo ndipo mzee wetu alipojitengenezea jina.

Hakuja kuomba kazi. Alikuja kuziba mfereji wa mvua uliokuwa ukivuja juu ya dirisha letu. Alikuwa fundi bati, pande la mtu, mikono kama majembe. Enzi hizo hatukuwa na kikatio hata kimoja. Duara tulilikata kwa mdomo wa glasi, na kila kitu kingine kilikatwa kwa mkono na Mama Kisu, mwenzetu ambaye mpaka leo anaweza kuchora kipepeo kwa ncha ya kisu huku anazungumza na mtu mlangoni. Siku hiyo alikuwa anakata makopa, yale maumbo ya moyo kama ya kwenye karata, kwa ajili ya oda ya hereni. Hereni huvaliwa mbili mbili na kila moja lazima ifanane na mwenzake. Mama Kisu alikuwa amechoka, na makopa yalikuwa yameanza kwenda upande.

Fundi bati akachungulia dirishani kutoka juu ya ngazi.

"Samahani, mama," akasema. "Hayo ni makopa au ni figo?"

Mama Kisu aliinuka akafunga dirisha, na waliokuwepo wanasema vidole vya fundi viliokolewa na Mungu tu.

Mtu mwingine angemaliza mfereji wake akaenda zake. Yeye alishuka, akaketi kwenye kizingiti cha duka la baiskeli, akachukua bati lililobaki, akalikata ukanda mwembamba, akaukunja kwa koleo, kisha akapanda tena, safari hii kwa ngazi za ndani, akakiweka kile kidude mezani mbele ya Bosi. Bosi akakibonyeza kwenye udongo mwekundu. Likatoka kopa. Akabonyeza tena, likatoka pacha wake. Akaendelea kubonyeza mpaka udongo ukaisha, anacheka peke yake kama mtoto aliyepewa filimbi. Kabla ya saa ya chai fundi alikuwa ameajiriwa. Mfereji haukumalizika. Mpaka leo mvua ikinyesha tunasogeza meza ya pili.

Jina la Kopa lilimganda siku hiyohiyo, nalo limemletea vituko. Muuza duka wa ng'ambo ya barabara alipotusikia tukipaza sauti dirishani, "Kopa! Kopa!", alitoka mbio kubandika tangazo kwamba kwake hapakopeshwi.

Poda nayo ilimponza. Udongo wa polima una tabia ya kung'ang'ania kikatio, na dawa yake ni kuchovya makali kidogo tu kwenye poda ya watoto. Mzee Kopa hajawahi kuwa mtu wa kidogo tu. Alikuwa akirudi nyumbani kila jioni ananukia kama kichanga kilichotoka kuogeshwa, jitu zima lenye masharubu. Mkewe ni fundi cherehani, mwanamke asiyemeza neno. Siku moja akamsimamisha mlangoni.

"Baba watoto," akamwuliza, "huyo mtoto unayembeba kila siku ni wa nani?"

Ilibidi aje karakana aonyeshwe kopo la poda. Alilinusa, akamtazama mumewe, akasema sawa, ameelewa. Lakini kabla ya kuondoka alipitisha macho kwa kila mwanamke aliyekuwemo chumbani, taratibu, kama anayepima vitambaa.

Sasa nizungumzie kipaji. Mzee Kopa si mnyenyekevu. Akitengeneza kitu kizuri utajua hata kama uko chooni. Lakini majivuno yake yalikuwa na mizizi. Sisi tukiona kikatio cha nyota tunaona nyota. Yeye huona kila kitu isipokuwa nyota. "Kikatio hakijui jina lake," hupenda kusema. "Wewe ndiye unayekisumbua kwa kukiita nyota."

Zahanati ya watoto iliyo nyuma yetu iliwahi kutuagiza wanyama wa kupamba ukuta wa chumba cha kusubiria. Vikatio tulivyokuwa navyo wakati ule ni makopa matatu, dogo, la kati na kubwa. Bosi akataka kuikataa oda. Mzee Kopa akasema mbuga nzima imo ndani ya kopa, akajifungia na udongo wake. Kopa ncha chini, akalitia macho, likawa panya mwenye masikio makubwa. Kopa kubwa akalipasua katikati, vipande viwili vikawa masikio ya tembo. Kopa la waridi akalibandika kwenye duara la kahawia, akawa nyani, na nyani kweli uso wake ni kopa, hamjawahi kuangalia tu. Kopa kubwa likalazwa ubavu, dogo likabandikwa nchani kama mkia, akawa samaki. Makopa mawili yakakutanishwa ncha kwa ncha, akaruka kipepeo.

Kiboko peke yake ndiye aliyemshinda. Alilipindua kopa kubwa la kijivu, akaliwekea masikio madogo, akaridhika. Watoto wa zahanati walipoliona walilitaja kwa jina lake, wote kwa pamoja, kwa furaha, na halikuwa jina la kiboko. Bosi alikwenda kumwondoa ukutani mwenyewe.

Mambo mengine aliyoyaanzisha tumeyazoea kiasi kwamba tumesahau yalitoka kwake. Mteja akitaka mwezi mchanga, hatuna haja ya kikatio cha mwezi. Tunakata duara, tunasogeza kikatio kilekile pembeni kidogo, tunabonyeza tena. Upande mmoja unatoka mwezi, na kipande kinachobaki, chenye ncha mbili, ni jani, halitupwi. Ukitaka kingo zenye mviringo unatandika nailoni nyembamba juu ya udongo kabla ya kubonyeza, na kipande kinatoka kimevimba mashavu kama mto wa kulalia. Ukikata ua kwenye udongo mweupe na ua hilohilo kwenye mwekundu, ukayabadilishia matundu, unapata nakshi ambayo wateja huamini imechorwa kwa brashi ya unywele mmoja. Petali alizioka zikiwa zimelazwa juu ya balbu zilizoungua ili zipinde kama za kweli. Na mabaki ya rangi zote, ambayo zamani tuliyatupa, aliyasukuma pamoja yakawa marumaru, akayapigia kikatio mahali ambapo jicho lake lilipenda. Hereni za mabaki ndizo zilizopendwa kuliko zote.

Kwa upande mwingine, hapakuwa na kitu salama ofisini. Mirija ya soda, vifuniko vya kalamu, vizibo vya chupa, vyote vilipotea na kuonekana tena vikiwa vimekuwa vikatio. Bosi alitafuta kifuniko cha rangi yake ya mdomo hadi akakata tamaa, akaja kukikuta kwenye meza ya Mzee Kopa kikitoa macho ya samaki.

Mama Kisu hakulipenda hata moja kati ya haya.

"Kikatio ni mkongojo," alikuwa akisema. "Asiyeweza kutembea, apewe."

"Kisu nacho kina kazi yake," alijibu Mzee Kopa. "Nyanya zipo."

Neno hilo la nyanya ndilo lililoharibu. Walinuniana msimu mzima wa mvua, na kwa kuwa meza zao zilikuwa zimepakana, na yangu ilitazamana nazo, nikageuka kuwa posta.

"Mfungashaji, mwambie jirani yako asogeze poda yake, imeingia kwenye udongo wangu mweusi."

"Mfungashaji, mwambie aliyekutuma kwamba poda haina miguu."

"Mwambie haina miguu lakini ina mwenyewe."

Walikuwa wanaweza kushikana mikono bila kunyoosha viwiko. Mimi shingo iliniuma kama mtu anayetazama mpira wa meza.

Hali ilikuwa hiyo ilipoingia oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Ilikuwa ya harusi, hereni za maua na vidani vya majani kwa wanawake wote wa pande mbili. Aliyeagiza ni mama wa bwana harusi, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke ambaye akikutazama unakagua kama umefunga kamba za viatu. Bosi alitukusanya akatuambia bila kuficha kwamba karakana iko pabaya. Oda hii ikipendeza, wenye ukumbi watatuletea na nyingine. Ikiharibika, kila mtu aanze kufikiria pa kwenda.

Ndipo yakatukuta. Kwanza, vikatio vya plastiki tulivyonunua dukani viliangamia mikononi mwa Mzee Kopa mwenyewe. Aliingiza sinia ndani ya oveni vikiwa bado vimesimama juu ya udongo, akaenda kuelezea mteja jinsi alivyo hodari. Vilitoka vimelala chali kama soksi. Hakujali sana, maana alikuwa na gunia lake la vikatio vya bati, kazi ya mikono yake ya miaka mingi. Gunia hilo lilikaa chini ya meza. Dada wa usafi, aliyekuwa ameajiriwa wiki hiyo, alilikuta, akaona vibati vilivyopindapinda, vingine vina kutu, akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa anapita na mkokoteni.

Mzee Kopa aliposikia, alitoka mbio. Barabara nzima ilimwona, jitu lenye masharubu, aproni inapepea, linaacha wingu la poda nyuma yake na kupiga kelele, "Nyota zangu! Rudisha nyota zangu!" Watu walimpisha kwa huruma. Kwenye yadi ya vyuma aliambiwa mashine imeshafanya kazi. Akageuka, akajikwaa kwenye gurudumu, akaangukia mkono. Alirudi na kidole gumba cha kulia kimevimba kama kiazi. Koleo hakuweza kulishika, na bila koleo hakuna kikatio kipya. Akaketi akatazama ukuta. Tangu tumfahamu, hiyo ndiyo mara ya kwanza alipokosa la kujisifia.

Mama Kisu naye alikuwa amepiga hesabu zake. Kwa kisu peke yake, hata asingelala, asingeweza kutoa maua mengi kiasi kile yanayofanana.

Tulipekua chumba kizima. Kikatio pekee kilichosalia kilikuwa kimebanwa chini ya mguu wa meza ya Mzee Kopa kuzuia isiyumbe. Alikitengeneza mwaka wake wa kwanza. Alikusudia waridi, likatoka bata. Alimficha hapo kwa aibu.

Mama Kisu akainama akakichomoa. Akakipangusa kwa aproni, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, akimtazama mwenyewe usoni, "Mkia wake ni petali."

Mzee Kopa akanigeukia mimi, akisubiri nimfikishie.

"Anasema mkia wake..." nikaanza.

"Nimesikia," akasema. Akamchukua bata kwa mkono wa kushoto. "Na mgongo ni nusu ya jani. Ukikata mgongo, ukageuza, ukakata tena, jani limetimia."

"Mdomo je?"

"Mdomo utoe yale mapengo madogo madogo kwenye kingo za jani."

"Haya," akasema Mama Kisu. "Sogea."

Akasogea.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Mzee Kopa alibonyeza ukingo tu wa udongo, kwa kiganja, mahali mkia unapoishia, na kila mbonyezo ukaacha tone lenye ncha. Mama Kisu aliyapokea matone, akayakusanya matano matano kuzunguka kitobo, akayachora mishipa kwa ncha ya kisu, yakawa maua. Mgongo ukazaa majani. Kifua kikazaa vikonyo. Waligombana tangu asubuhi mpaka jioni, lakini safari hii waligombana wenyewe kwa wenyewe, mimi nikapata kupumzisha shingo. "Umebonyeza kichwa!" "Sikubonyeza kichwa, hiyo ni shingo!" "Bibi harusi atavaa shingo ya bata?" "Akiivaa hatajua!" Na maua yakawa mazuri. Nasema hivi mimi ambaye nimefunga vitu vingi vibaya maishani mwangu.

Kwa kuwa oveni ilihitaji mtu wa kuilinda, nilipelekwa huko, na visanduku alivifunga Mzee Kopa mwenyewe, kwa mkono mmoja, bila miwani. Oda ikaondoka kwa wakati. Tukapongezana. Ndipo Mama Kisu akauliza wale bata wawili wa manjano wako wapi.

"Bata gani?" akauliza Bosi.

Mzee Kopa akaeleza, kwa sauti ya chini isiyo yake, kwamba katikati ya kazi alikuwa amekata bata wazima wawili, kwa kujipumzisha tu, akawatia ndoano, wakaokwa pamoja na maua. Walikuwa kwenye sinia. Sasa hawakuwa kwenye sinia.

Baada ya harusi tulisubiri. Asubuhi moja tulisikia viatu kwenye ngazi zetu, taratibu, hatua moja moja. Mlango ukafunguka, akaingia mama wa bwana harusi. Masikioni mwake walining'inia bata wawili wa manjano.

Bosi alishika ukuta. Mzee Kopa aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakijajulikana mpaka leo.

"Nani ametengeneza hizi?" akauliza yule mama.

Mama Kisu angeweza kunyamaza. Bata hawakuwa wake. Aliweka kisu mezani, akasimama wima.

"Ni sisi wawili," akasema. "Mimi na huyo aliye chini ya meza."

Mwalimu mkuu akatutazama mmoja mmoja. "Ukumbi mzima ulikuwa maua," akasema. "Maua mazuri, sikatai. Lakini ukiwa na wanawake wengi hivyo, wote maua, nani atajua mama mzaa chema ni yupi? Mimi kila mtu alinijia. Kila mtu aliuliza habari za bata. Ndugu yake bibi harusi, aliyeapa hatazungumza nami, alikuja kuniuliza nimewapata wapi. Tumeongea mpaka keki ikaisha." Akavigusa vidude masikioni. "Nataka na dada zangu wapate. Ila wao wawe kuku. Bata ni mimi peke yangu."

"Kuku tunaweza, mama," ikatoka sauti chini ya meza. "Ukimpindua bata..."

"Nyamaza," akasema Mama Kisu.

Kuku walipatikana, na baada ya kuku zikaja harusi nyingine, na milango haikufungwa. Dada wa usafi tunaye hadi leo, ndiye anayesimamia oveni. Mama Kisu na Mzee Kopa walisukuma meza zao zikawa moja, wakisema ni kwa ajili ya mwanga.

Sasa nimefika mahali ambapo kamati iliniambia nipite haraka. Sitapita haraka.

Miaka michache iliyopita mke wa Mzee Kopa alipatwa na kiharusi. Uhai ulisalimika, lakini mkono wa kulia ukakataa kumsikiliza, mkono ambao ulikuwa umeshona sare za shule za mtaa mzima. Maneno nayo yakamwishia. Daktari alisema ulimi haukuharibika sana, ni yeye tu hataki kuutumia. Mzee Kopa alikuja kazini akafanya kazi kimya, na kazi yake ikawa nzuri kuliko kawaida, na hakuna aliyeifurahia. Tulikuwa tayari kulipia tusikie majivuno yake.

Siku moja aliomba donge la udongo na kikatio cha duara apeleke nyumbani. Mkewe alijaribu kukishika, vidole vikashindwa kubana bati jembamba. Akakirusha kwa mkono wa kushoto, kikampata mumewe begani. Mzee Kopa akatuambia shabaha yake ni nzuri, kwa hiyo kuna matumaini.

Akaanza kutengeneza vikatio vyenye vishikio. Alibandika kirungu cha mlango wa kabati juu ya duara, kikateleza. Alibandika kizibo kikubwa cha chupa, kikamuumiza. Karakana nzima ilitoa ushauri, na mwingi ulikuwa wa ovyo. Mwisho Mama Kisu alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda nyumbani kwa Mzee Kopa na donge la udongo, akaketi na mgonjwa, akamwambia, "Dada, nipe huo mkono mbaya." Akaubonyeza kwenye udongo mpaka alama ya kiganja ikakaa sawasawa. Akarudi akachonga mti kwa kisu kufuata alama ile, kila bonde na kila kilima. Mzee Kopa akafunga bati chini yake. Hakuna vidole vilivyohitajika. Ni kuweka kiganja na kuegemea tu.

Mkewe aliegemea. Duara likatoka, limeenda upande kidogo.

"Zuri sana, mama," akasema Mzee Kopa.

Mkewe akalitazama. Akamtazama yeye.

"Usinidanganye," akasema. "Hiki ni kiazi."

Mzee Kopa alifika kazini asubuhi yake anakimbia. "Kaniita mwongo!" alisema mlangoni, masharubu yamelowa machozi. "Kaniita mwongo, jamani!" Tulimkumbatia mmoja mmoja, hata Mama Kisu, ambaye alisema hilo lilikuwa linajulikana.

Mkono haujarudi kama zamani. Lakini mwanamke yule sasa anatengeneza vifungo, vya duara, vya majani, vya nyota zilizokatwa ncha ili zisitatize uzi, na matundu anayatoboa kwa mrija wa soda. Mafundi cherehani wenzake wanapanga foleni. Kazi ya mumewe huikagua kwa kidole cha kushoto, na iliyo mbovu huirudisha kwenye donge mbele yake bila kusema pole.

Basi msidhani mzee wetu anakwenda kupumzika. Jumatatu anaripoti kazini kwenye meza ya jikoni kwake, cheo chake ni mkandaji, na juu yake yuko mkewe. Nimeambiwa masharti ni kuwahi, kunawa mikono, na kutojisifu mbele ya wateja. Mawili atayaweza.

Mzee wetu, umetuonyesha mbuga ndani ya kopa, umetuchekesha hadi siku ambazo hatukuwa na cha kuchekea, na umetufundisha kutotupa mabaki. Kwa niaba ya Bosi, Mama Kisu, dada wa oveni na wote wa juu ya duka la baiskeli, tunasema asante kwa moyo mkunjufu. Nenda na afya yako, nenda na baraka zetu. Nyumba yako iwe na kicheko na udongo wenu usikauke. Na huyo bosi wako mpya, tunamjua, tunamheshimu, tunamwomba kwa unyenyekevu mkubwa: akutume kazi nyingi, akuseme sana, na azidi kukusema kwa miaka mingi ijayo.